Kilichokaa Kichwani mwa Herufi

Fundi wa mabango waliyemwita Herufi hakutumia rula. Alisimama mbele ya ukuta mtupu, akafumba jicho moja, akapima kwa kidole gumba, kisha akaanza kuandika kana kwamba neno zima limeshakuwepo pale na yeye analipitishia rangi tu. Mitaa yote ya karibu ilijaa mkono wake: duka la dawa, kinyozi, shule ya udereva, hata choo cha kulipia cha sokoni, ambacho alikiandika kwa madaha yale yale aliyoyaweka kwenye geti la benki. Watu wa kompyuta walileta mabango yao ya plastiki, jua likayapausha, wateja wakarudi kwake.

"Wale wanachapisha," alisema. "Mimi naandika."

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa utani. Aliishi nyumba ya vyumba vitatu na mumewe, fundi wa majokofu, pamoja na binti yao aliyekuwa shuleni na dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea Herufi baada ya mama yao kufariki. Baadaye alikwenda kupika miaka mingi kwenye kambi za wajenzi wa barabara, na mgongo ulipoanza kumsumbua, Herufi alimwambia, "Dada, wanaume wa watu umewapikia vya kutosha. Njoo utupikie na sisi." Dada akaja na sufuria zake, na tangu hapo hakuna mwingine aliyegusa mwiko ndani ya nyumba ile. Shemeji mtu alinenepa. Mtoto alianza kumaliza sahani.

Dalili ya kwanza hakuna aliyeiona kuwa dalili. Vilikuwa vinundu vidogo kwenye mkono wa Herufi, chini ya ngozi, kama punje za maharage. Ukivibonyeza vinateleza. Havikuuma. Siku moja mezani mumewe aliviona, akavigusa kimoja kimoja.

"Hivi ni nini, mke wangu?"

"Herufi za akiba," alijibu. "Rangi ikiisha nitazitoa hizo."

Wakacheka wote. Dada akamwongezea mchuzi.

Halafu yakaja maumivu ya kichwa, ya asubuhi, mazito, yanayomfanya akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Alinunua vidonge dukani na kuendelea na kazi. Wakati huo alikuwa amepewa ukuta mkubwa wa duka la fanicha, ukuta unaoonekana kutoka mbali, na hakuwa tayari kumwachia mtu.

Alikuwa juu ya ngazi, amefika kwenye herufi M ya neno SAMANI, wakati kidole gumba chake kilipoanza kurukaruka. Alikitazama. Hakikuwa kinatetemeka kama mtu mwenye baridi. Kilikuwa kinapiga, kinapumzika, kinapiga tena, kama kitu kinachobisha hodi. Alijaribu kukizuia kwa mkono wa pili. Mpigo ukapanda kwenye kifundo, ukapanda kwenye kiwiko, ukamfikia pembe ya mdomo. Brashi ikachora mstari mwekundu juu ya kazi yote ya asubuhi. Alitaka kusema "nishikeni", mdomo ukakataa.

Kilichomwokoa ni kwamba mwenye duka alikuwa ametoa makochi yake nje yapigwe jua. Herufi aliangukia kochi la watu watatu, bado likiwa na nailoni yake, na hapo akakakamaa na kutupa miguu, povu likimtoka, huku wanunuzi wakirudi nyuma kama wamemwagiwa maji ya moto. Mmoja alitaka kumtia kijiko mdomoni. Mwenye duka alimsukuma kando, akamlaza mgonjwa ubavu na kumshika kichwa mpaka ikaisha.

Alipofumbua macho, neno alilolisikia likitoka kwenye ule umati lilikuwa moja tu, linanong'onwa huku na kule: kifafa.

Zahanati ya mtaani walisema ni uchovu. Mara ya pili ilimkuta nyumbani, wakati wa chakula cha mchana, na binti yake akashuhudia. Baada ya hapo wateja walianza kuwa na visingizio. Huyu anasubiri mvua ipite, yule ukuta wake bado una unyevu. Wifi yake alimuuliza kaka yake, mumewe Herufi, tena kwa sauti ya kusikika, kama ugonjwa ule haukufichwa wakati wa posa. Mumewe alimfungulia mlango, akamwambia ahsante kwa kuja.

Dada alichukua ugonjwa ule kama vita vyake mwenyewe. Alikuwa haamini mambo ya vidonge, aliamini chakula. Alikamua matunda kwa mikono, akakatakata nyanya, karoti na majani mabichi, akavichanganya kwenye bakuli kubwa na kukaa mbele ya mdogo wake kama askari. "Kula, mdogo wangu. Kitu kibichi kinarudisha damu." Herufi alikula. Kila alivyozidi kuugua, dada alizidi kumlisha.

Mwishowe mume alikata shauri, akafunga karakana yake na kumpeleka mkewe hospitali kubwa. Daktari waliyempata alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa akiuliza na kuandika bila kuinua uso. Alipofika kwenye kuushika mkono wa mgonjwa ili ampime shinikizo la damu, vidole vyake vilikutana na vile vinundu. Akaacha kuandika.

"Hivi vimekuwepo tangu lini?"

"Ah, hivyo? Vya siku nyingi. Haviumi."

Daktari aliandika karatasi ya kwenda kupigwa picha ya kichwa, na akaiandika haraka.

Picha ilipotoka, aliwaita wote wawili wakae mbele ya kompyuta. Ubongo ulionekana kama mkate uliokatwa slesi. Ndani yake mlikuwa na madoa meusi ya mviringo, madogo, hapa moja, pale matatu yamesogeleana, na slesi iliyofuata yalikuwa mengine. Katikati ya kila doa kulikuwa na nukta nyeupe.

"Haya madoa ni vifuko vya maji," alisema daktari. "Na hii nukta ndiyo kichwa chake."

"Kichwa cha nani?" aliuliza mume.

"Cha mnyoo. Mtoto wa tegu."

Herufi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesikia vibaya. Alijipapasa kichwa, juu ya sikio, mahali picha ilipoonyesha yale matatu.

"Wako hai?"

"Wengi, ndiyo. Wamekaa kimya muda mrefu. Mmoja akianza kuchoka, mwili unamgundua, unaanza kumpiga vita, na ubongo unavimba pale. Ndipo unapoanguka."

Mume alikuwa amesoma kidogo mambo ya minyoo shuleni. Akasema kwa ukali kidogo, "Daktari, tegu si wa nguruwe? Sisi nguruwe hatuli. Nyumba yetu haijawahi kuingia nyama hiyo."

Daktari aligeuza kiti akawatazama. Aliwaeleza polepole, na Herufi alilikumbuka kila neno baadaye. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, tena haikuiva vizuri, anapata tegu tumboni. Tegu huyo anakua mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, anaishi miaka, na mwenyewe anaweza asiumwe na kitu. Lakini kila akienda chooni anatoa mayai, madogo hayaonekani kwa macho. Mkono usipooshwa vizuri, mayai yanakwenda kwenye chakula. Anayemeza mayai hapati tegu tumboni. Kwake yeye mayai yanaanguliwa, yanapenya utumbo, yanaingia kwenye damu, na damu inayapeleka inakotaka: kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Huko yanajijengea vifuko.

"Kwa hiyo si lazima wewe uwe umekula nguruwe," alimalizia. "Umekula mayai ya tegu wa mtu."

"Mtu gani?"

"Siwezi kujua. Mara nyingi ni mtu wa karibu. Mtu mnayekula naye."

Aliwapa vidonge vya kuzuia kifafa, akamwandikia Herufi aonwe na daktari wa macho kabla ya dawa ya kuua vifuko, maana kama kimoja kiko jichoni dawa inaweza kumpofusha. Akawapa pia vichupa vya choo, kimoja kwa kila mtu wa nyumba. "Nikikutibu wewe na yule mwenye tegu bado yupo, tutakuwa tunadanganyana."

Walirudi nyumbani. Jioni, chakula kilipotengwa, Herufi aliangalia mikono. Mkono wa mumewe, wenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Mkono wa binti yake, uliotoka kucheza. Mkono wa dada, umeshika upawa, msafi, mweupe viganjani kwa maji na sabuni ya miaka yote. Mume naye alikuwa akiangalia. Alikuwa akijilaumu kimoyomoyo, maana yeye ndiye anayekula vibandani huko mjini, na nani anajua wanachouza.

"Mbona mnanitolea macho?" alisema dada. "Chakula kinapoa."

Wakamweleza. Walipofika kwenye neno nguruwe, upawa uliacha kusogea.

"Astaghfirullah," alisema. "Nyumba hii?" Akaondoka kwenda jikoni, na kwa muda mrefu wakasikia maji yakimwagika.

Vichupa vilipelekwa. Majibu yakarudi: hakuna kitu, kwa wote. Mume alishusha pumzi, akasema basi itakuwa ni huko nje, mboga za sokoni, maji, nani ajuaye. Daktari hakushusha pumzi. Alisema kipimo kimoja kinaweza kukosa, akataka virudiwe. Walikubali, lakini hawakuharakisha. Nani anapenda kurudia jambo kama hilo?

Dada alibadilika. Alianza kuosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Aliacha kuimba jikoni. Chooni alikwenda na ndoo yake iliyojaa, hata kama tangi lina maji, na alikaa humo akimwaga na kusugua mpaka mtoto anagonga mlango kwa kubanwa. "Mama mkubwa amekuwa mgonjwa wa usafi," alisema binti, na baba yake akamkemea.

Asubuhi moja maji yalikatika mtaa mzima. Herufi, ambaye kwa zile dawa mpya alikuwa anatembea kama yuko ndani ya sufi, aliamka akaenda chooni. Mlangoni alipishana na dada yake akitoka mbiombio na ndoo tupu.

"Ngoja, usiingie! Ngoja nikatafute maji kwa jirani!"

Lakini mkono wa Herufi ulikuwa tayari umesukuma mlango.

Juu ya sinki la choo, kwenye ule weupe wa kauri, vilikuwepo vipande bapa, vyeupe kuelekea manjano, vimeungana kama utepe wa fundi cherehani uliokatwa vibaya. Vingine vilikuwa vimejitenga. Vilikuwa vimetulia tu. Alikuwa ameonyeshwa picha ya kitu kile hospitalini, na asingeweza kukosea. Akashika ukuta.

Nyuma yake, ndoo ilianguka.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

Dada aliinama kuokota ndoo.

"Dada. Tangu lini?"

"Tangu kambini," alisema dada. Sauti haikuwa yake. "Nilifikiri ni kitu cha tumbo langu tu. Hakiniumi. Ni aibu yangu, naibeba mwenyewe. Nitamwambia nani?"

"Ulikula."

"Sikula! Wajenzi walikuwa wanataka nyama hiyo, mimi kazi yangu ni kupika. Mpishi asiyeonja atajuaje chumvi? Nilionja. Naonja kipande sufuria ikiwa bado haijachemka vizuri, nakoroga, naonja tena. Miaka yote ile." Alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu ya korido, yeye aliyekuwa hataki hata mtoto akae pale. "Ningesemaje kwenye nyumba hii kwamba nguruwe imepita mdomoni mwangu?"

"Na kile kichupa?"

Dada alianza kusokota ncha ya kanga yake.

"Dada, kichupa ulichopeleka hospitali kilikuwa na nini?"

"Cha mtoto," alisema dada. "Nilikigawa choo cha mtoto, nusu nikatia kwenye kichupa changu."

Hapo ndipo Herufi alipogeuka. Alimtazama yule mwanamke aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, aliyekaa mbele yake kila siku na bakuli la mboga mbichi akimwambia kula, mdogo wangu, kula. Alitaka kupiga kelele. Aliyoyasema yalitoka kwa sauti ndogo kabisa.

"Ulikuwa unanilisha."

Dada alijifunika uso kwa kanga na kulia kama mtu aliyefiwa. Herufi alipita pembeni yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alikaa kitandani akisikiliza kilio kile, na kichwani, juu ya sikio, akihisi kitu kinatekenya, au alidhani anahisi. Tangu siku ile ya picha hakuwa tena na hakika na chochote kilichotokea ndani ya fuvu lake.

Mume aliposikia, alitaka dada aondoke siku hiyo hiyo. Alikwishatoa hata begi. Ni Herufi aliyemzuia. "Akienda atapika kwingine," alisema. Halikuwa neno la huruma, na dada alilisikia.

Dada alipewa dawa ya tegu hospitalini, akatoa kile alichotoa, na vipimo vya baadaye vikawa safi. Choo cha mume na cha mtoto vilikuwa safi pia. Mume aliuliza kama basi mtoto amepona. Daktari alisema kwamba choo safi kinaonyesha hana tegu tumboni. Hakisemi kitu kuhusu mayai aliyoyameza, kama aliyameza. "Hana dalili. Mwangalieni." Wakamwangalia. Mtoto akiangusha kijiko, baba yake anasimama.

Herufi alilazwa. Jicho lilikuwa salama. Daktari alimwanzishia kwanza dawa ya kupunguza uvimbe, kisha ile ya kuua vifuko, na akamwonya waziwazi. "Wakiwa hai wanajificha. Wakianza kufa ndipo wanaleta fujo. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya."

Zilikuwa mbaya. Kichwa kiliuma mpaka akaomba kifungwe kwa kitambaa. Alianguka kifafa mara mbili juu ya kitanda cha wodi. Kisha, mchana mmoja, alifumbua macho akaona bango juu ya mlango wa wodi, rangi ya buluu, maandishi manene. Akalitazama. Alijua ni maandishi. Aliona kwamba aliyeandika hakupima nafasi, kwamba mwisho kulibanana. Lakini ilikuwa kama kutazama alama za kuku kwenye vumbi. Hakuweza kutaja hata moja.

Muuguzi alikuja, akamuuliza jina lake. Alilijua, halikutoka.

Dada alikuwa amekaa chini ya dirisha, alikokuwa akikaa kila siku bila kualikwa na bila kuzungumzishwa. Aliuona uso wa mdogo wake, akaelewa kuna kitu kimeondoka. Alisogeza kiti, akamshika kiganja, na kwa kidole akamchorea humo herufi moja. A. Kama alivyomfundisha zamani, kabla hajaanza shule. Herufi hakuuvuta mkono wake. Aliangalia kile kidole kikizunguka kwenye kiganja chake, na machozi yakamtoka, kwa hofu au kwa hasira, hata baadaye hakuweza kusema.

Uvimbe ulipopungua, maneno yalirudi, ya midomoni kwanza, ya maandishi baadaye, moja moja na kwa shida. Alitoka hospitali akiwa amekonda. Picha ya mwisho ilionyesha vifuko vingi vimekufa na kugeuka vijiwe vyeupe, ambavyo vitakaa hapo maisha yake yote. Viwili daktari alisema hana uhakika navyo. Vidonge vya kifafa anaendelea kumeza kila siku. Ngazi amekatazwa. Anaandika sasa mbao zilizolazwa mezani, polepole, na mara nyingine mstari unayumba, akaufuta na kurudia. Wateja wa nyumba za ghorofa wamehamia kwa watu wa plastiki.

Jikoni anapika mwenyewe. Dada anamenya vitunguu, akiambiwa. Wanaongea mambo ya nyumbani tu: chumvi imeisha, funga dirisha, mvua inakuja. Siku moja, wakiwa hivyo, dada alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, "Kambini tulikuwa wengi. Wote walikula kwenye mkono wangu."

Herufi aliacha kukoroga.

"Waliokaa muda mrefu nawakumbuka," dada aliendelea. "Nataka niwatafute."

Aliwatafuta. Alikwenda kwa fundi wa zege aliyehamia mtaa wa pili, akafukuzwa kama mwehu. Alikwenda kwa mlinzi wa zamani, akaambiwa alishafariki. Alianguka tu, walisema, akiwa anaoga. Hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna tena wa kumpima. Dada alirudi siku hiyo akakaa uani bila kuvua viatu. Kisha akapata habari za dereva wa katapila, kijana wa zamani wa kambi, mcheshi, aliyekuwa akiomba ukoko wa sufuria kila siku. Walisema haendeshi tena. Ana degedege za watu wazima, mke wake amemwacha, anakaa chumba cha nyuma kwa mjomba wake na mlango unafungwa kwa nje.

Herufi alikwenda naye. Hakuambiwa aende, alivaa tu viatu. Walimtoa dereva yule chumbani, mwembamba, mwenye kovu la moto shavuni la siku alipoangukia jiko, na mikononi mwake Herufi aligusa vinundu ambavyo hakuhitaji kuelezwa. Wakamsindikiza mpaka hospitali kubwa, kwa daktari yule yule.

Dereva alimkumbuka mpishi wake. Alifurahi kweli kumwona. "Mama, wewe ndiye ulikuwa unanilisha vizuri," alimwambia, kabla hawajamwingiza kupigwa picha.

Walisubiri kwenye benchi la korido, dada na mdogo mtu, wamekaa karibu lakini bila kugusana. Muda ulikwenda. Mlango wa chumba cha picha ukafunguliwa, fundi wa mashine akatoka, akatazama kulia na kushoto. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Nani ndugu wa mgonjwa huyu?"

Dada alisimama.